Sura ya Tano: Mahindi Yaliyolala Chumbani

Mwezi Aprili 2004, hospitali za Makueni na Kitui, mashariki ya Kenya, zilianza kupokea wagonjwa wanaofanana. Macho ya njano, tumbo lililojaa, kutapika, na kwa waliochelewa, fahamu kuanza kupotea. Maini yao yalikuwa yameshindwa kazi. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekwisha kufa.

Ugonjwa wa namna hiyo ukiingia kijijini, majibu hayakawii. Wapo watakaosema nyumba ile imetupiwa kitu. Wapo watakaonyoshea kidole kisima. Waganga wa hospitali nao wana orodha yao: homa ya ini ya virusi, homa ya manjano, dawa za mitishamba zilizozidi kipimo. Kila jibu lina mantiki yake, na kila jibu lingepeleka fedha na watu upande wake: huku chanjo, kule dawa ya maji, kwingine marufuku ya mitishamba. Kukosea hapo ni kupoteza siku, na siku hazikuwepo.

Waliokumbuka yaliyopita walikuwa na shaka nyingine. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa sehemu yake, watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafa baada ya kula mahindi yenye kuvu. Mahindi ya 2004 nayo yakachukuliwa yakapimwa. Yakakutwa na aflatoksini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita sumukuvu, na baadhi ya sampuli zilifikia sehemu 4,400 kwa bilioni. Kikomo cha Kenya wakati huo kilikuwa 20.

Wengi wetu tungeishia hapo. Mahindi yana sumu, watu wanakula mahindi, watu wanakufa: kesi imekwisha. Lakini eneo lote hilo la Ukambani lilikuwa linakula mahindi. Mvua zilezile, jua lilelile, sokoni walikwenda wote. Kwa nini nyumba hii imezika watatu, na ya ng'ambo ya barabara hakuna aliyeumwa hata kichwa? Utafiti wa afya ya jamii huanzia kwenye swali hilo. Daktari humtazama aliyelala kitandani. Mtafiti wa afya ya jamii lazima amtazame pia yule ambaye hakuugua, kwa sababu tofauti kati ya wawili hao ndiyo inayotafutwa.

Mgonjwa mmoja, majirani wawili

Njia waliyotumia watafiti wa Makueni na Kitui ni ya zamani na haihitaji mtambo wa gharama. Walichagua wagonjwa 40. Kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wa kijiji hichohicho wasio na dalili yoyote, wakapatikana 80. Kisha wote 120 wakaulizwa maswali yaleyale, kwa utaratibu uleule. Mmekula nini wiki zilizopita? Mahindi ni ya shamba lenu au ya kununua? Yalikuwa makavu au na unyevu? Mliyahifadhi wapi? Mahindi ya kila nyumba yakachukuliwa kwa kupimwa, na damu ikatolewa.

Maswali haya ni mepesi kiasi kwamba mtu anaweza kuyadharau. Lakini fikiria kazi yake. Mtu aliyefiwa juzi anaulizwa gunia lilikaa kona gani ya nyumba. Anayeuliza hapaswi kuonyesha kwa uso wala kwa sauti ni jibu gani analolingojea, maana akionyesha tu, atapewa hilo. Na yule jirani mzima, ambaye haoni sababu ya kuulizwa, lazima aulizwe kwa uvumilivu uleule. Hesabu zote zitakazokuja baadaye zinategemea adabu ya mahojiano hayo.

Majibu yalitofautiana waziwazi. Wastani wa sumu katika mahindi ya nyumba za wagonjwa ulikuwa kama sehemu 354 kwa bilioni, na katika nyumba za majirani wazima 44. Hata majirani, basi, walikuwa wanakula sumu zaidi ya mara mbili ya kikomo. Damu nayo ilitoa habari ambayo macho yasingeiona: asilimia 44 ya wagonjwa walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, dhidi ya asilimia 7 ya majirani. Ini lililokwisha kushambuliwa na virusi halikuwa na nguvu ya kuhimili sumu.

Na lile swali la gunia lilizaa jibu lililokuja kuwa maarufu. Walioyaweka mahindi ya shamba lao ndani ya nyumba wanayolala walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko walioyaweka ghalani.

Kwa nini mtu aweke mahindi chumbani wakati ghala lipo? Kwa sababu mwaka ule mavuno yalikuwa haba. Ukame ulikuwa umeyapiga mahindi yakiwa bado shambani, na palipo na njaa wezi hawakosekani. Ghala liko nje, halina mlinzi. Mzazi mwenye akili timamu akaingiza magunia ndani, karibu na kitanda, akayalinda. Chumba kina joto kuliko ghala, hewa haipiti, na pumzi za watu wanaolala humo zinaongeza unyevu. Kwa kuvu, hapo ndipo pahali pazuri pa kuishi. Kilichoua Makueni hakikuwa uzembe wala ujinga. Watu walikuwa wanalinda chakula cha watoto wao, na kikulacho ki nguoni mwako.

Nalisisitiza hili kwa sababu kampeni nyingi za afya huanza kwa kudhani kwamba watu hawajui. Bango likasema "Hifadhi mahindi vizuri", semina ikafanyika, posho ikalipwa. Laiti watu wa Makueni wangepewa bango hilo mwaka 2004, wangejibu kwamba wamehifadhi vizuri mno: hakuna hata punje iliyoibwa.

Sumu isiyoiva

Sumukuvu hutengenezwa na jamii chache za kuvu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ambazo makazi yake ni udongo. Dunia iliifahamu sumu hii kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960, huko Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa katika muda mfupi bila kujulikana sababu. Wachunguzi wakafuata chakula cha mifugo hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ndani ya mashudu wakaikuta kuvu pamoja na sumu yake.

Mahindi na karanga ndiyo mazao inayoyapenda zaidi, na ndiyo hayohayo yanayosagwa pamoja kuwa uji wa lishe wa mtoto wa miezi sita. Kuvu huanza kazi shambani. Mmea ukipigwa na ukame na joto wakati punje zinajaa, kinga yake hushuka. Wadudu wakitoboa punje, mlango umefunguka. Baada ya mavuno, unyevu ndio unaoamua. Mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi yanatulia. Yaliyofungwa kwenye gunia yakiwa na zaidi ya hapo yanaendelea kuchacha gizani miezi yote ya kuhifadhiwa, na kila mwezi sumu inaongezeka.

Kuna mambo matatu ambayo kila mpishi anapaswa kuyajua. La kwanza, moto wa jikoni hauiondoi. Sumu hii huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200, na ugali unaochemka uko kwenye 100. La pili, haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Punje iliyoota ukungu inatia shaka, lakini hata punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo. La tatu, haijatawanyika sawasawa. Katika gunia moja, sumu kubwa inaweza kuwa kwenye punje chache sana, nyingine zote zikawa salama. Ndiyo maana nyumba mbili zinaweza kugawana gunia moja na kupata majaliwa tofauti.

Wanaokufa polepole

Makueni ilitangazwa redioni kwa sababu watu walikufa kwa wingi na kwa haraka. Madhara makubwa zaidi ya sumukuvu hayatangazwi, kwa sababu huchukua miaka.

Kati ya 1986 na 1989, watafiti mjini Shanghai, China, walikusanya damu na mkojo wa wanaume 18,244, wakavihifadhi, wakangoja. Baadhi ya wanaume wale walipokuja kupata saratani ya ini, sampuli zao zikatolewa na kulinganishwa na za wenzao ambao hawakuipata. Waliokuwa na alama za sumukuvu mkojoni, bila virusi vya homa ya ini B, walikuwa na hatari ya saratani ya ini kama mara tatu ya wasio na vyote viwili. Wenye virusi peke yake, kama mara saba. Wenye vyote viwili pamoja, kama mara 59. Mtu angetarajia saba na tatu zijumlishwe, au basi zizidishwe. Zilipita hata hapo.

Kwa Afrika Mashariki hesabu ile ina maana mbili. Ya kwanza, chanjo ya homa ya ini B, iliyoingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, inamkinga mtoto pia dhidi ya sehemu kubwa ya madhara ya mahindi mabaya atakayoyala ukubwani, ingawa kwenye kadi ya kliniki hakuna aliyeandika hivyo. Ya pili, waliozaliwa kabla ya miaka hiyo, yaani wengi wa watu wazima wanaosoma kitabu hiki, walio wengi hawakuipata.

China ilitoa pia ushahidi wa upande wa pili, kwamba ukiondoa sumu, saratani hupungua. Katika eneo la Qidong watu walikuwa wakiishi kwa mahindi. Kuanzia miaka ya 1980, sera za biashara ya nafaka zilipolegezwa, wakahamia kwenye wali. Sumukuvu katika damu zao ilishuka sana, na vifo vya saratani ya ini miongoni mwa watu wa chini ya miaka 35 vikapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa wote hao walikuwa wamezaliwa kabla ya chanjo ya watoto wachanga kuanza. Hakuna daktari aliyeandika dawa. Kilichobadilika ni chungu cha nyumbani, na kilibadilika kwa sababu soko lilibadilika.

Suala la udumavu wa watoto ni gumu zaidi, na linafaa kusimuliwa kwa ukweli wake. Utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa 2002 ulikuta alama za sumukuvu kwenye damu za karibu watoto wote waliopimwa, na waliodumaa walikuwa na kiwango kikubwa zaidi. Ilikuwa rahisi kusema: sumukuvu inafupisha watoto. Lakini nyumba yenye mahindi mabaya mara nyingi ndiyo isiyo na maziwa, mayai wala maji safi. Ni kipi kimemfupisha mtoto? Ili kutenganisha, watafiti mashariki ya Kenya waliteua vijiji kwa kura, na kwa familia za vijiji vilivyochaguliwa wakahakikisha mahindi yaliyochafuka yanabadilishwa kwa mahindi salama. Sumu kwenye damu za watoto ikashuka kwa kama robo. Katikati ya utafiti watoto wale walionekana kuwazidi wenzao kimo kidogo. Mwisho wa utafiti tofauti hiyo haikuwepo tena.

Matokeo ya aina hiyo huwavunja moyo wafadhili, lakini yana faida kubwa kwa umma. Yanatuzuia kumwahidi mama kwamba akichambua mahindi mtoto atarefuka. Tunaweza kumwambia kwamba atamkinga mtoto na sumu inayoweza kuua kwa wiki moja au kwa miaka thelathini. Hilo linatosha, na ni kweli.

Miaka kumi na miwili baadaye

Katikati ya 2016, watoto na watu wazima wa mikoa ya Dodoma na Manyara, katika wilaya kama Chemba, Kondoa na Kiteto, walianza kufika vituo vya afya wakiwa na macho ya njano na matumbo yaliyojaa. Walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Watafiti walitumia njia ileile, wagonjwa wakilinganishwa na majirani wazima, na jibu likawa lilelile: mahindi.

Kati ya Makueni na Chemba kuna mwendo wa siku moja kwa gari. Habari ya mahindi yaliyolala chumbani ilikuwa imechapishwa kwenye majarida ya kisayansi tangu 2005, na wataalamu wa nchi zote mbili walikuwa wameisoma. Haikuwa imemfikia mkulima wa Chemba, na hata ingemfikia, ingemkuta hana turubai la kukaushia. Maarifa yaliyobaki kwenye jarida hayajamwokoa mtu, na hapa ndipo lawama inapotuangukia sisi tunaotafiti na kuandika.

Mahali pa kuchagua

Ushauri rahisi kuliko wote ni "Tupa mahindi yenye kuvu." Tuupime. Familia ya watu sita imevuna magunia matano, na mwisho wa msimu mawili yameota ukungu. Kuyatupa ni kukubali njaa ya miezi kadhaa kabla ya mavuno mengine. Hakuna mzazi atakayefanya hivyo kwa ajili ya sumu asiyoiona. Atayapeleka kwa kuku, au kwenye pombe ya kienyeji, au atayachanganya na mazuri na kuyauza. Kuku hudhoofika, na sumu haiishii kwenye pipa la pombe. Ng'ombe aliyelishwa pumba zenye sumukuvu huitoa ndani ya maziwa. Kilichotupwa mlangoni kinarudi dirishani.

Jikoni, basi, masikini hana cha kuchagua. Kazi ya utafiti ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka jikoni hadi ghalani, ghalani hadi uwanja wa kukaushia, uwanjani hadi shambani, na kuuliza kila mahali: hapa mwenye nyumba anaweza kufanya nini kwa fedha na muda alio nao? Mahali ambapo jibu lipo, hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua unatoka Kindia, nchini Guinea, ambako chakula chenye hatari zaidi ni karanga. Watafiti walichukua vijiji 20. Katika 10, wakulima walielekezwa kuchambua karanga kwa mkono, walipewa mikeka ya kuanikia ili zisiguse udongo, magunia ya nyuzi za asili yanayopitisha hewa badala ya ya plastiki, chaga za mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni, na dawa ya wadudu. Vijiji 10 vingine viliendelea na kawaida. Watu 600 walifuatiliwa kwa vipimo vya damu. Miezi mitano baada ya mavuno, alama ya sumukuvu kwenye damu za wale wa kawaida ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Kwa waliopewa mikeka na chaga ilikuwa karibu palepale ilipokuwa siku ya mavuno. Matokeo hayo yalichapishwa 2005. Mkeka, gunia, mbao: hakuna kimoja kilichotoka maabara. Maabara ilikuja tu kuthibitisha kwamba vinafanya kazi.

Mashariki ya Kenya, jaribio la baadaye lilionyesha vivyo hivyo kwa mahindi. Wakulima walipopewa mafunzo pamoja na maturubai ya kukaushia, sumukuvu kwenye mahindi yao ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Zipo pia njia ambazo hazigharimu hata shilingi. Mkulima asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa ya kioo na chumvi. Chupa iwe kavu kabisa, na iwe na mfuniko wake. Tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, kisha mahindi hadi robo ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, iache itulie. Chumvi ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15; yaanike kidogo zaidi yafikie 13 hivi, ndipo yaingie gunia. Ikigandamana kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Jaribu mara moja mbele ya watoto na hawatasahau.

Kuchambua ni njia ya pili. Mahindi yakiwa kwenye ungo, ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi, na nyepesi zilizosinyaa. Punje hizo chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Huko Centane, Afrika Kusini, kuchambua na kuosha kulipunguza kwa asilimia 84 fumonisini, sumu nyingine ya kuvu inayokaa kwenye mahindi. Kukoboa nako kunasaidia, kwani sumu nyingi imo kwenye ganda na kiini, ingawa kukoboa huondoa pia virutubisho. Mwenye mahindi makavu yaliyochambuliwa anaweza kula dona kwa wasiwasi mdogo. Mwenye mashaka na mahindi yake, sembe ni salama zaidi, na pumba zake zisipewe ng'ombe wa maziwa.

Shambani kuna silaha mpya zaidi. Si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Wanasayansi wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki na washirika wao waliwachagua ndugu wasio na sumu kutoka udongo wa nchi husika, wakawapandikiza kwenye mbegu za mtama zilizouawa, na mkulima huzimwaga shambani kiasi cha kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu wapole hutangulia kushika nafasi, na wenye sumu hukosa pa kukaa. Bidhaa hiyo, Aflasafe, imesajiliwa Kenya na Tanzania, na Kenya ina kiwanda chake Katumani. Swali lililobaki ni la fedha: nani amlipie mkulima wa ekari moja anayekula mwenyewe anachokilima?

Sheria na debe la nyumbani

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo. Ili kuona udogo wake, piga hesabu: gramu moja ya sumu, ikisambazwa sawasawa, inatosha kufikisha tani 100 za mahindi kwenye kikomo hicho. Na kwa kuwa sumu imejificha kwenye punje chache, mkaguzi anayechota mkono mmoja juu ya gunia anaweza kupitisha shehena mbaya na kukataa nzuri. Lazima achote sehemu nyingi, achanganye, asage, ndipo apime.

Tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hizi. Malori yakajipanga mpakani Namanga, wakulima na wafanyabiashara wakalalamika, na baada ya siku chache marufuku ikageuzwa kuwa masharti, likiwemo la cheti cha kuonyesha kwamba mzigo hauzidi kikomo. Mjadala uliofuata ulikuwa wa biashara na ujirani mwema. Wachache waliuliza swali la afya ya jamii: kama mahindi hayo hayafai kwa mlaji wa Nairobi, nani anayala yakirudi nyumbani?

Hilo ndilo pengo la sheria. Mpakani kuna mkaguzi, na kiwandani anaweza kufika. Lakini sehemu kubwa ya mahindi ya kanda hii huliwa na walioyalima, au huuzwa kwa debe kijijini na kusagwa kwenye mashine ya jirani. Makueni na Chemba hazikuuawa na unga wa dukani. Soko nalo halimlipi aliyekausha, kwani mahindi yenye maji yana uzito zaidi, na mnunuzi anayelipa kwa kilo bila kupima unyevu anamlipa mkulima kwa maji. Mpaka mnunuzi wa taifa, kiwanda na shule watakapotofautisha bei ya mahindi makavu na mabichi, semina za sumukuvu zitaendelea kushindana na mizani.

Kila palipotokea mafanikio katika sura hii, utafiti haukuishia kwenye kugundua sumu. Uliendelea hadi kwenye jambo ambalo mtu wa kawaida analiweza: mkeka, turubai, chanjo ya mtoto, bei ya soko. Tafiti zinazoishia kwenye takwimu za maafa ni nusu ya kazi, hata zikichapishwa kwenye jarida kubwa namna gani. Kwa hiyo kila mtafiti anapokuja kijijini kwako kuchukua damu na mahindi, una haki ya kumuuliza majibu yatarudi lini, kwa lugha gani, na yatabadilisha nini.

Na wewe una zamu yako. Kama ni mjumbe wa kamati ya shule inayopika uji na makande, dai mahindi yapimwe unyevu kabla ya kupokelewa. Kama ni diwani, turubai la kukaushia liingie kwenye bajeti ya kilimo kabla ya semina nyingine. Kama ni mtu mzima ambaye hujui hali yako ya homa ya ini B, nenda ukapime, na kama huna virusi uulize chanjo. Kama umevuna, usilifunge gunia hata moja kabla ya kutikisa chupa ya chumvi.